Sura ya Sita: Nafasi ya Vidole Viwili

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tulikuwa tumeshaipita Mlandizi tukielekea Morogoro, watu watano garini na buti imejaa mizigo ya harusi, mpwa wangu aliyekaa nyuma akauliza, "Mjomba, mbona kunanuka mpira?" Nikamjibu kwamba ni lori lililo mbele yetu. Kilomita chache baadaye tukapanda tuta, na chini ya kiti chake ikasikika sauti fupi, kama msumeno uliogusa ubao ukaachia. Nikaegesha pembeni. Nilipoinama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, nilikuta bega la tairi limechongeka mzunguko mzima, linang'aa kana kwamba limepigwa msasa, na kwenye ukingo wa ndani wa fenda umeganda unga mweusi wa mpira.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimelishusha gari lile milimita 40 na kulivika rimu za inchi 17. Kijana aliyenifungia aliingiza vidole viwili kati ya tairi na fenda, vikapita bila shida, akaniambia, "Hapa hakuna kugusa, kaka." Nilimwamini, kwa kuwa hata mimi niliviona vidole vikipita.

Tuliingia Morogoro kwa mwendo wa jeneza, na karibu na Msamvu nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya vidole viwili. Alizunguka gari mara moja, akaniangalia bila kunicheka, akasema, "Vidole vimepima gari lililolala. Gari lako limeamka."

Sura hii yote ni ufafanuzi wa maneno hayo. Kulishusha gari na kulivika rimu kubwa si dhambi, na anayependa gari lake likae chini, lijae vizuri kwenye fenda, asione haya. Ila nafasi iliyo chini ya fenda ni kama posho ya mwezi: haiongezeki kwa sababu unatamani. Kila milimita unayoshusha na kila milimita unayopanua inatoka kwenye mfuko huohuo, na lazima ujue mfukoni kuna kiasi gani kabla hujaenda dukani.

Rimu kubwa, gurudumu dogo

Gari langu lilikuwa Toyota Allion ya kizazi cha kwanza, mojawapo ya magari yaliyojaa barabarani kwetu baada ya kutumika Japani. Lilikuja na matairi ya 195/65R15. Namba hizo husomwa hivi: 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia, yaani urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu mmoja basi ni milimita 126.75. Zidisha kwa mbili, ongeza inchi 15 ambazo ni milimita 381, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 634.5.

Matairi yangu mapya yalikuwa 215/45R17. Ubavu wake ni milimita 96.75. Zidisha kwa mbili, ongeza milimita 431.8 za rimu, unapata 625.3. Mzee wa Msamvu aliniandikia hesabu hii kwa chaki sakafuni, kisha akaninyamazia ili niione mwenyewe: gurudumu langu "kubwa" lilikuwa fupi kuliko la zamani kwa milimita 9. Kilichokua ni chuma, mpira ulipungua.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tunasikia "rimu ya 17" tukadhani tatizo litatoka juu, tairi kugonga paa la fenda. Ukichagua tairi kwa hesabu, kimo cha gurudumu hakibadiliki sana. Mafundi waangalifu hawapendi kipishane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3, kwa sababu kipima mwendo kinategemea kimo hicho. Kwangu mimi tofauti ilikuwa asilimia 1.4 tu: mshale uliokuwa ukisema ukweli kwenye 100 sasa ulisoma 100 gari likiwa kwenye 98.6. Kwa upande wa kimo sikuwa na kosa lolote. Kosa langu lilikuwa ubavuni.

Namba iliyo nyuma ya rimu

Ukiifungua rimu na kuigeuza, mara nyingi utakuta maandishi kama 7J na ET45. Hiyo 7 ni upana wa rimu kwa inchi, pale tairi linapokaa. ET ni kifupisho cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe, na namba inayoifuata ni milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. ET ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje kuelekea fenda. Namba hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayokwangua matairi kuliko zote.

Rimu zangu za zamani ziliandikwa ET45. Tairi la 195 lina milimita 97.5 kila upande wa mstari wa katikati. Ukitoa 45, unaona kwamba ubavu wa nje ulisimama milimita 52.5 kutoka uso wa habu. Ukijumlisha 45, ubavu wa ndani ulikuwa milimita 142.5 kutoka palepale.

Rimu mpya, za mtumba kutoka Japani, ziliandikwa 7J na ET38. Tairi la 215 lina milimita 107.5 kila upande. Nje: 107.5 toa 38, sawa na 69.5. Ndani: 107.5 jumlisha 38, sawa na 145.5. Kwa maneno mengine, tairi langu lilikuwa limesogea nje kwa milimita 17, na ndani kwa milimita 3 tu. Nilinunua upana, na karibu wote nikauelekeza kwenye fenda.

Hesabu hii inahitaji kalamu na dakika mbili, nayo unaweza kuifanya dukani kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikwambia "hizi zinaingia Allion," mwombe akugeuzie rimu moja usome mwenyewe. Kuingia kwenye stadi ni jambo moja. Kukaa vizuri chini ya fenda ni jambo jingine.

Timazi

Ukishajua tairi litasogea kiasi gani, sasa pima una nafasi gani. Mzee alifunga nati kwenye uzi, akautundika kwenye mdomo wa fenda, kama mwashi anavyotundika timazi ukutani. Gari likiwa mahali tambarare na usukani umenyooka, alipima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi. Zilikuwa milimita 3. Kwa tairi la zamani zingekuwa 20.

Upande wa ndani upime pia, kwa sababu kila milimita unayoiokoa nje inahamia huko. Mbele, kinachokaribiana zaidi na tairi ni shokapu na sahani inayobeba springi. Nyuma, ni shokapu na ukuta wa bodi. Kuna tofauti moja inayosaidia: shokapu ya mbele hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo umbali kati yake na tairi haubadiliki sana, na milimita 6 au 8 zinaweza kutosha. Fenda haiendi na gurudumu. Fenda imesimama, gurudumu linaijia. Upande huo unahitaji nafasi kubwa zaidi.

Jihadhari pia na boliti za kurekebisha kemba, zile zinazofungwa pale shokapu inapokutana na habu. Ukizitumia kulalisha gurudumu kwa ndani upande wa juu ili likwepe fenda, unalisogeza tairi kwenye shokapu. Pima upya baada ya kuzigusa.

Gari likiamka

Gari langu kabla ya kushushwa lilipitisha vidole vinne kati ya tairi na fenda. Baada ya kushushwa milimita 40 vilibaki viwili. Vidole hivyo vinapima gari tupu lililosimama. Weka watu watatu kiti cha nyuma na mizigo ya harusi kwenye buti: nyuma inashuka, na nafasi ya juu inakwisha kabla hujawasha injini. Panda tuta, na tairi linaingia chini ya fenda kabisa.

Kuingia chini ya fenda si kosa. Magari mengi hufanya hivyo kila siku bila kukwangua, maana ubavu wa tairi unapita ndani ya mdomo wa fenda. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: gurudumu likipanda hadi mwisho wake, bega lake litapita ndani ya mdomo au litaukuta mdomo? Kwa milimita 3 jibu liko wazi. Ukikata kona, tairi linapinda ubavuni, bushi zinalegea kidogo, bodi inalala upande mmoja. Milimita 3 zinakwisha hapohapo.

Muundo wa gari nao una neno lake. Allion yangu, isiyovuta magurudumu yote manne, nyuma ina boriti moja inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Muundo huo ni imara na wa bei nafuu, lakini ukiishusha, magurudumu hayalali kwa ndani kama yanavyofanya kwenye magari mengi ambayo kila gurudumu linajitegemea. Yanapanda wima, na mabega yake yanaelekea moja kwa moja kwenye mdomo wa fenda. Ndiyo maana mbele, ambako kushusha kulilaza magurudumu kidogo kwa ndani, sikusikia kitu, lakini nyuma palichongeka.

Mbele kuna mtego wake. Ukikata usukani hadi mwisho, gurudumu halizungukii katikati yake. Linazunguka kufuata mhimili wa usukani, na kadiri tairi lilivyotoka nje ndivyo duara linalochora linavyopanuka. Kona yake ya nyuma inakwenda kwenye plastiki ya madigadi, kona ya mbele kwenye pembe ya bampa. Wengi hugundua hili wakirudi nyuma sokoni au kwenye geti la nyumbani, usukani umekatwa wote na gurudumu moja likiwa juu ya ukingo wa barabara.

Unga wa chapati

Mzee alimwita binti yake akaomba unga wa ngano uliokandwa, ule wa chapati. Akaufinya vipande vinne virefu kama kidole, akavibandika ndani ya midomo ya fenda zote nne. Tairi akalipaka chaki begani. Kisha akaniambia nipakie watu walewale na mizigo ileile, nizunguke mtaa, nipande matuta mawili kwa pembe, kulia halafu kushoto, na kukata usukani hadi mwisho kila upande.

Tuliporudi, unga wa mbele ulikuwa kama alivyoubandika. Wa nyuma kushoto ulikuwa umekatwa kabisa, na chaki imefutika begani. Wa nyuma kulia ulikuwa umebonyezwa, umebaki mwembamba kama karatasi. Upande huo ulikuwa haujaanza kuliwa, lakini ulikuwa mlangoni.

Sijaona kipimo bora kuliko hicho kwa mtu asiye na mashine. Unga unakwambia mahali na kiasi. Ukibaki mnene, uko salama. Ukibonyezwa, unajua zimebaki milimita ngapi. Anayetaka uhakika zaidi hutoa springi, akaupandisha mkono wa gurudumu kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, gari likiwa juu ya stendi imara, akatazama kwa macho kila kinachokaribiana, pamoja na paipu ya breki na waya wa ABS. Kazi hiyo ni ya gereji. Unga ni wa kila mtu.

Tiba, kuanzia iliyo nyepesi

Ya kwanza ni kubadilisha ET. Hesabu ya rimu ya 7J yenye ET48 na tairi lilelile la 215 inatoa milimita 59.5 nje na 155.5 ndani, yaani ongezeko la 7 nje na 13 ndani ukilinganisha na magurudumu ya kiwandani. Nje ningebaki na milimita 13 badala ya 3. Ndani, tulipopima, tairi la zamani lilikuwa na milimita 22 hadi kwenye shokapu ya mbele, kwa hiyo zingebaki 9. Ilitosha.

Ya pili ni tairi jembamba kidogo. 205/50R17 lina kimo cha milimita 636.8, karibu sawa na la kiwandani, na linaokoa milimita 5 kila upande. Kwenye barabara zenye mashimo lina faida nyingine: ubavu wake ni mrefu kwa milimita 6 hivi, na ubavu ndio unaoikinga rimu isipinde.

Ya tatu ni kupandisha. Springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako zinazoshusha milimita 25, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, zinaweza kukupa sura unayoitaka na safari ya kutosha. Kukata springi kwa moto au gurudumu la kusagia ni njia ya hatari. Moto unaua ugumu wa chuma, na springi iliyofupishwa inaweza kuchomoka kwenye sahani yake gurudumu linaponing'inia.

Ya nne ni kukunja mdomo wa fenda. Kuna mashine inayofungwa kwenye habu, yenye roli inayoubana mdomo hadi ulale bapa kwa ndani. Rangi hupashwa joto kwanza ili isipasuke. Unapata milimita chache, nazo huenda ndizo ulizokuwa unakosa. Lakini usiruhusu mdomo ukatwe. Kwenye fenda za nyuma mara nyingi mdomo ndipo karatasi mbili za bati zinapoungana, na ukiufungua, maji yanaingia kati. Kwetu Dar es Salaam, penye hewa ya chumvi, kutu haingoji mwaliko.

Kuna asiyesubiri tiba, akaweka spesa kati ya habu na rimu. Spesa inalisukuma gurudumu nje, kwa hiyo inatibu kugusa kwa ndani peke yake. Kwa fenda inazidisha ugonjwa. Tena inakula urefu wa stadi. Nati ya stadi ya milimita 12 inapaswa kushika angalau milimita 12 za nyuzi. Kwa Toyota, yenye nyuzi zinazopishana milimita 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Ikishika mitano, usitoke getini.

Yasiyokwangua lakini yanaua

Kabla hujafunga gurudumu lolote, kagua mambo matatu ambayo unga wa chapati hauwezi kukuonyesha.

La kwanza ni tundu la katikati. Allion ina stadi tano kwenye duara la milimita 100, sawa na Subaru Impreza nyingi za miaka hiyo, kwa hiyo watu hubadilishana rimu. Ila habu ya Toyota hii ni milimita 54.1, na tundu la rimu ya Subaru ni 56.1. Rimu ya Subaru itaingia ikiwa na ulegevu, gari litatikisika kwenye mwendo, na unahitaji ringi ya kujaza nafasi hiyo. Rimu ya Toyota haitaingia kwenye Subaru kabisa. Nati nazo hazibadilishani, kwani nyuzi za Subaru zinapishana milimita 1.25. Ukilazimisha, unaua stadi.

La pili ni uzito. Tairi la 195/65R15 huandikwa 91, maana yake linabeba kilo 615. Matairi yangu ya 215/45R17 yaliandikwa 87, yaani kilo 545. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamepoteza uwezo wa kilo 140, na mimi nikayapakia watu watatu na mizigo ya harusi. Saizi hiyohiyo hupatikana ikiwa imeimarishwa, ikiandikwa XL na namba 91. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya kiwandani.

La tatu ni kukaza. Nati za Toyota hii hukazwa kwa spana ya kipimo hadi Nm 103, kwa mpangilio wa nyota, na hurudiwa baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kutoka Morogoro nilirudi na dereva mmoja garini, yaani mimi. Jamaa zangu walipanda basi, mizigo ikawafuata. Tairi lililochongeka sikulirudisha barabarani, kwa sababu ubavu ulioliwa hautibiki, na tairi linalopasuka kwenye barabara ile halichagui wa kuua. Nilizibadilisha rimu kwa zile za ET48, nikanunua matairi yaliyoandikwa 91 XL, kisha nikawaomba walewale waliokuwa nami siku ya harusi wapande tena. Mpwa wangu alikaa nyuma kushoto. Tulibandika unga, tukapanda matuta yote ya mtaani kwetu, tukarudi, akashuka yeye wa kwanza kwenda kuchungulia. Unga ulikuwa na alama moja tu, ya kidole changu nilipoubandika.